Pwani, Amani au Lushoto? Msimu wa matembezi kwa anayeishi Tanga mjini

Kikundi cha ofisi au cha mtaa kikianzisha changamoto ya afya, mazungumzo huanzia kwenye mlima: tupande upi? Swali hilo limewahi mno. Kwanza ulizaneni kila mmoja ana Jumamosi ngapi nzima katika wiki 12 za msimu, na ngapi za nusu siku. Mwenye duka, mwenye mtoto anayenyonya na muuguzi wa zamu hawana Jumamosi zinazofanana. Kikundi kinachopanga Lushoto kila wiki mbili kitafika wiki ya tano na watu wachache, na hao waliobaki si lazima wawe wenye miguu imara kuliko wenzao. Ni wenye nafasi na nauli.

Kwa hiyo msimamo wetu tunautoa mapema: kwa anayelala Tanga mjini, pwani ni wali, milima ya Usambara Mashariki, yaani Amani, ni mchuzi, na Lushoto ni biriani ya Idi. Anayeishi Korogwe au Mombo ageuze mpangilio, maana kwake Lushoto ndiyo jirani.

Msimu mzuri wa kuanza ni katikati ya Juni, masika yakishakwisha, na kumaliza mapema Septemba kabla ya vuli. Kusi inavuma, joto limepungua, na vijia vya mlimani vimepata muda wa kukauka kidogo. Kuanza Januari hadi Machi kunawezekana, lakini mchana wa Tanga hupita nyuzi 30 na matembezi yote ya pwani yatalazimika kuisha saa tatu asubuhi.

| | Pwani (Amboni, Raskazone) | Usambara Mashariki (Zigi hadi Amani) | Usambara Magharibi (Lushoto) |
|---|---|---|---|
| Kufika | Miguu au bajaji | Saa mbili hadi tatu kupitia Muheza | Saa nne hivi kupitia Segera, Korogwe na Mombo |
| Urefu juu ya bahari | Chini ya mita 100 | Mita 450 hadi 900 hivi | Mita 1,400 mjini, zaidi ya 2,200 Magamba |
| Umbali wa siku | Km 16 kwenda na kurudi | Km 18 kwenda na kurudi | Km 12 hivi (Irente) |
| Mvua kwa mwaka | Mm 1,300 hivi | Karibu mm 2,000 | Mm 1,000 hivi |
| Kinachoangusha watu | Jua | Utelezi na mteremko | Basi na baridi |

Pwani: rahisi kufika, rahisi kudharau

Mapango ya Amboni yako kilomita 8 kaskazini ya mji, upande wa barabara ya Horohoro. Kwenda na kurudi kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa ni saa tatu na dakika 12, bila mapumziko. Uzuri wa njia hii ni kwamba inakatika popote. Wiki ya kwanza unaenda kwa miguu na kurudi kwa daladala. Wiki ya nne unamaliza zote 16. Hakuna mlima unaokupa ruhusa ya kuishia nusu kwa bei ya nauli ya mjini.

Ukifika, kuingia pangoni kuna kiingilio na kiongozi mwenye tochi. Kati ya mapango 10, linalotembelewa ni moja. Sakafu inateleza na kuna sehemu za kuinama, kwa hiyo mwenye mgongo mbaya abaki nje kivulini. Dakika za pangoni msizihesabu kama zoezi, ni mapumziko.

Kosa la pwani ni kuondoka saa mbili asubuhi kwa sababu "ni hapa hapa tu". Barabara kubwa haina kivuli. Ondokeni saa 12 asubuhi, ili saa tatu na nusu muwe mmemaliza. Tembeeni upande wa kulia, magari yakiwakabili, kwa mstari mmoja, na wa mbele na wa nyuma wavae vizibao vya kung'aa. Maji ni lita moja kwa kila saa ya jua kwa mtu anayetoka jasho sana, nusu lita kwa saa za alfajiri. Anayepata kizunguzungu, akaacha kutoka jasho au akaanza kujibu ovyo, matembezi yake yamekwisha: kivulini, maji ya kichwani na shingoni, na bajaji ya kwenda hospitali.

Wengine hukata njia kupitia mashamba ya mkonge. Ruhusa ya mwenye shamba ni jambo la kwanza, na la pili ni ncha. Mwiba ulio kwenye ncha ya jani la mkonge uko usawa wa paja la mtu mzima na usawa wa jicho la mtoto. Hutoboa kidogo lakini ndani, na kidonda cha namna hiyo ndicho kinachopendwa na pepopunda. Aliyechomwa na hakumbuki sindano yake ya mwisho aende akachomwe nyingine.

Ufukweni, kama Raskazone, kuna hesabu nyingine, ambayo mvuvi yeyote ataifanya bila karatasi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Mchanga mgumu unapatikana, lakini saa ambazo jua limeshapanda. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: maji hupwa alasiri, kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni, japo hayaendi mbali. Kupwa huchelewa kwa dakika 50 hivi kila siku, kwa hiyo ukijua siku ya mwezi unajua siku ya ufukwe. Kwa mpango wa Jumamosi, maji mafu ni bora kwa matembezi ya jioni kuanzia saa tisa na nusu, na bamvua iachwe kwa wanaovumilia jua na wana kofia.

Mchanga mkavu hula nguvu maradufu au zaidi kuliko ardhi ngumu, na kisigino huzama kila hatua. Kano ya kisigino ndiyo inayolipa. Wiki tatu za mwanzo msipite dakika 20 za mchanga mkavu. Ufuo pia una mwinamo: mguu wa upande wa bahari hukanyaga chini kuliko mwenzake. Kurudi kwa njia ileile husawazisha, na hiyo ndiyo sababu mzunguko wa ufukweni unaorudi kwa barabara humwachia mtu nyonga moja inayouma.

Amani: mahali pa kupimia

Hapa ndipo msimu unapoonekana umefanya kazi au haujafanya. Kutoka Muheza ni kilomita 25 hivi hadi lango la Zigi, kisha barabara inapanda ndani ya msitu kilomita 9 hadi Amani. Ni Hifadhi ya Mazingira Asilia tangu 1997, kwa hiyo kuna kiingilio, na Mtanzania hulipa pungufu ya mgeni akiwa na kitambulisho. Malipo ya serikali siku hizi ni ya kontroo namba. Salio la kwenye simu lina kazi kuliko noti mfukoni, na mtandao msituni hauaminiki. Mmoja alipie wote kwa pamoja langoni.

Namna ya kukadiria muda ni kanuni ya Mskochi William Naismith ya mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kilomita 9 ni saa moja na dakika 48. Mpando wa mita 450 ni dakika 45. Jumla saa mbili na dakika 33 kupanda, saa moja na dakika 48 kushuka. Ongeza robo ya muda huo kwa mapumziko, na safari nzima inachukua karibu saa tano na nusu. Kikundi kikitoka Tanga saa 12 asubuhi na kuanza Zigi saa tatu, kinarudi langoni saa nane na nusu. Hapo pana nafasi ya kuchelewa, lakini si kubwa, maana jua la Julai huzama saa kumi na mbili na ushei, na chini ya miti giza huwahi. Wekeni saa ya kugeuka: ikifika saa saba mchana, popote mlipo, mnashuka.

(Mwaka huohuo wa 1892, mtawala wa Kijerumani Walter von Saint Paul-Illaire aliokota huku Tanga ua dogo la zambarau ambalo leo limejaa madirishani Ulaya kwa jina lake, Saintpaulia. Kwenye miamba yenye unyevu ya Usambara bado linaota lenyewe. Litazameni, msiling'oe.)

Tofauti ya Amani na pwani si kupanda tu. Kupanda kunachosha mapafu, na mapafu hupona kwa dakika kumi za kukaa. Kushuka kunachosha nyama za mbele za mapaja kwa namna nyingine: zinajikaza huku zikivutwa, na maumivu huja siku ya pili, si siku ileile. Mtu anayefurahi Jumamosi jioni hushuka ngazi kinyumenyume Jumatatu. Tanga ni tambarare, kwa hiyo miguu ya mjini haina mazoea ya mteremko hata kidogo. Dawa ni ngazi. Jengo lolote la ghorofa tatu, dakika 20 za kupanda na kushuka mara moja kwa wiki, kuanzia wiki ya pili. Mteremkoni, hatua fupi, magoti yasinyooke kabisa, fimbo mbele.

Na kuna njia ya mkato tunayoipendekeza bila haya kwa safari ya kwanza: pandeni kwa miguu, shukeni kwa gari au bodaboda. Mnapata faida yote ya moyo na mapafu, magoti mnayawekea akiba. Kinyume chake, kupanda kwa gari na kushuka kwa miguu, ndiyo namna mbaya kuliko zote, ingawa ndiyo inayovutia wavivu.

Kwa kuwa Amani hupata karibu mm 2,000 za mvua kwa mwaka, na hakuna mwezi usio na mvua kabisa, tope jekundu mlitarajie hata Agosti. Siafu hutoka baada ya mvua. Suruali ichomekwe ndani ya soksi, na ukiona msafara wao usisimame kuutazama. Vuka mbio, kisha jikague ukiwa mbali. Upupu ukikugusa usikune, maana kukuna kunausambaza. Maji ya mto Zigi ni mazuri kuyatazama na ndiyo yanayohudumia mji wa Tanga baada ya kusafishwa, lakini ya kunywa bebeni lita tatu kila mmoja.

Magoroto, karibu na Muheza, ni mbadala kwa kikundi chenye watoto: ni shamba la msitu lenye ziwa, kuna kiingilio, na unaweza kutembea saa mbili ukapumzika. Mlima Mlinga ulio upande huohuo unapita mita 1,000 na ncha yake ni kali. Msiende bila mwenyeji anayejua kijia.

Lushoto: usiku mmoja au usiende

Saa nne kwenda na nne kurudi kwa ajili ya kutembea saa tatu: huo ni mtihani wa makalio, si wa miguu. Lushoto inafaa pale tu kikundi kinapolala, Ijumaa hadi Jumapili ikiwezekana. Hapo inakuwa na kitu ambacho pwani wala Amani haina: siku mbili mfululizo za kutembea bila kupigana na joto. Hewa hupoa karibu nyuzi 0.6 kwa kila mita 100 za kupanda, kwa hiyo Lushoto ni baridi kuliko Tanga kwa nyuzi nane hivi. Mchana huo ni utamu. Usiku wa Julai unataka sweta na soksi, na mtu wa Chumbageni, Tanga mjini, aliyekuja na shuka moja hatalala.

Siku ya kwanza ni Irente, kilomita 6 hivi kutoka mjini, mpando si mkali, na mwisho wake genge linaloangalia tambarare iliyo karibu mita 1,000 chini. Watoto washikwe mkono. Mkate na jibini vya shamba la Irente vinatosha kwa chakula cha mchana. Siku ya pili, miguu ikiwa tayari imechoka, ndipo hifadhi ya Magamba: msitu wa baridi, mbega mitini, vijia vinavyopita mita 2,000. Huko pumzi hupungua kidogo, lakini ugonjwa wa kimo kwa kawaida huanza juu ya mita 2,500, kwa hiyo anayeumwa kichwa Magamba mara nyingi hajanywa maji. Baridi huwadanganya watu kwamba hawana kiu.

Kona za kutoka Mombo hadi Lushoto, kilomita 33, huwatapisha wengi. Kaa mbele, tazama barabara, usisome simu. Na begi la kurudi lipimwe: karoti na kabichi za Soni zimewahi kuwa mzigo mzito kuliko wa kupandia.

Mhesabu nini?

Hatua ndizo rahisi, simu inazihesabu yenyewe, na ndizo mbaya kwa msimu wenye milima. Namba ya hatua 10,000 ilivuma kutokana na kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965. Jina lake lilimaanisha hivyo hivyo, kipimo cha hatua elfu kumi. Haikutoka kwa daktari. Ukitumia hatua, anayezunguka sebuleni anamshinda aliyepanda Amani.

Kilomita tupu nazo zinaonea mlima. Tumieni kanuni ileile ya Naismith kubadilisha: mita 120 za kupanda ni sawa na kilomita moja ya tambarare. Amani kwenda na kurudi inakuwa 18 na karibu 4, yaani 22. Amboni inabaki 16. Hapo mshindani wa pwani na wa mlimani wanaweza kukaa kwenye daftari moja.

Kwa changamoto yenye watu wa umri tofauti, sisi tungechagua dakika. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 za zoezi la wastani kwa wiki kwa mtu mzima. Wastani maana yake unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Bibi wa miaka 65 na kijana wa miaka 25 wakitembea dakika 60 kila mmoja kwa mwendo wake, wote wamepata 60, na hakuna anayeburuzwa. Alama za ziada zitolewe kwa kutokosa wiki, si kwa kasi.

Viatu: mtumba wa buti au raba mpya?

Kwa pwani, raba uliyo nayo inatosha. Kwa Amani unahitaji soli yenye meno, kwa sababu udongo mfinyanzi uliolowa huufanya unyayo laini kuwa sabuni. Buti la mtumba ni bei nzuri, lakini lina ugonjwa mmoja usioonekana sokoni: povu la katikati ya soli likikaa miaka mingi stoo huoza kwa unyevu, hata kama kiatu hakijavaliwa. Linaonekana jipya, kisha kilomita ya tano soli inabanduka yote. Bonyeza povu kwa kidole gumba, kunja kiatu mara kadhaa. Ukiona nyufa au unga, kiache. Kikipita, mpelekee fundi ashone soli kuzunguka.

Ukubwa upimwe jioni, mguu ukiwa umevimba, na soksi utakazovaa. Kidole gumba cha mkono kiingie mbele ya vidole vya mguu, la sivyo mteremkoni kucha zitagonga hadi ziwe nyeusi. Soksi za nailoni, zile za kuchezea mpira, ni bora kuliko za pamba, maana pamba hukaa na jasho na malengelenge huanzia hapo. Buti jipya livaliwe wiki mbili pwani kabla ya kuonja mlima.

Mpangilio

Presha ipimwe kabla ya wiki ya kwanza. Aliye juu ya 180/110 asianze mpaka daktari aseme. Mwenye kisukari akague nyayo kila jioni na asitoke bila kitu kitamu mfukoni.

Wiki ya 1 hadi 3 ni pwani, kilomita 5, 6 na 8, pamoja na matembezi mawili ya dakika 40 katikati ya wiki. Wiki ya 4, Amboni nzima. Wiki ya 5 punguzeni. Wiki ya 6, Amani kwa kupanda tu. Ya 7 hadi 9 pwani, zikifika kilomita 16 tena, ngazi zikiendelea. Wiki ya 10, Amani kupanda na kushuka. Wiki ya 11 ni nyepesi, na ya 12 ni Lushoto kwa wenye uwezo, au Magoroto kwa wengine, na wote wahesabiwe wamemaliza. Kanuni ya kuongeza ni moja: wiki mnayoongeza umbali msiongeze mpando.

Mfuko wa kila mtu: maji, ndizi mbili, karanga, mayai ya kuchemsha au viazi vitamu, koti la mvua, filimbi, tochi. Mfuko wa kikundi: plasta, bandeji ya kifundo cha mguu, na pakiti mbili za chumvichumvi za kuchanganya na maji lita moja moja. Pakiti zikikosekana, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi kwa lita moja, vilivyosawazishwa, visirundikwe.

Mvua ikinyesha Muheza usiku wa Ijumaa, mpigieni dereva kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Akisema barabara imelainika, siku hiyo nendeni Amboni, na Amani isogezwe wiki moja tu. Ikisogezwa mbili, ngazi mlizopanda zitakuwa zimeanza kusahaulika mapajani.